Mnada wa Igundasi Umefungwa

Jumatatu, 1 Septemba

Nimekamua peke yangu. Masunga, mchungaji wetu, ametoka mapema na maksai kwenda malisho ya mbali. Ya karibu yameisha. Maziwa machache. Ndama wanalia wakiona ndoo. Vumbi mpaka kwenye kope.

Jumamosi ni mnada. Hapa Igundasi kila mtu husema "baada ya mnada". Viatu vya mtoto baada ya mnada, harusi baada ya mnada, dawa ya jino baada ya mnada. Huu wa Septemba ndio mkubwa. Malori hutoka Mbeya na Tunduma kuwahi ng'ombe kabla kiangazi hakijawamaliza. Watu wanaonekana siku hiyo. Siku nyingine unaweza kudhani nchi imehamwa.

Na kweli inahamwa. Mashine ya kusaga imefungwa, wateja hawatoshi. Darasa la tatu na la nne wanakaa chumba kimoja kwa mwalimu mmoja. Anayehama hung'oa bati zake akaondoka nazo, kuta zikabaki wazi kama meno. Kwetu Tukuyu ukikohoa jirani anakupa pole. Hapa kwenda kwa Mama Kabula, jirani wa karibu kuliko wote, ukibeba chai inapoa njiani.

Jana nilipanda jiwe la nyuma ya shule, mahali pekee penye mtandao. Limi, binti yetu, anauza vitenge sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Wimbo wake ni ule ule. Uzeni, njooni mjini. Baba yake husema Mwanjelwa hakuna pa kufunga hata ndama. Mimi huwa nanyamaza, maana siku nyingine namwona Limi ana haki.

Ng'ombe wetu Mabaka hakula leo. Amesimama anachezesha taya, udenda unaning'inia. Nimesema ni joto.

Jumanne, 2 Septemba

Si joto. Masunga amemshika pembe Mabaka, mimi nimemfungua mdomo. Malengelenge kwenye ulimi. Moja limepasuka, ngozi imebanduka, chini nyekundu. Katikati ya kwato vivyo hivyo. Kuna maksai wawili wanachechemea. Masunga ameniangalia. Nimemwangalia. Hakuna aliyetaja jina.

Miguu na midomo. Niliuona mara moja, Limi akiwa bado ananyonya.

Nilimkuta Baba Limi ananyoa ndevu kwa kioo cha pikipiki. Nikamwambia. Hakugeuka.

"Nimeona tangu jana," akasema.

Alijua. Akaniacha niseme joto.

Anataka tunyamaze mpaka Jumamosi. Wasioonyesha kitu waingie mnadani, wapande lori, wachinjwe Mbeya, yaishe. Anasema ugonjwa huu hauui mtu, na hapo hasemi uongo. Ng'ombe wakubwa wengi hupona. Wanaokufa ni ndama. Ndama na soko. Bwana mifugo akijua, karantini. Hakuna mnyama kutoka, hakuna kuingia. Na majani yameisha.

Lakini kabla ya kupanda lori watasimama siku nzima wakipumuliana na ng'ombe wa kata nzima. Na si wote huenda machinjioni. Wengine hununuliwa kwenda kufugwa, Mbarali, hata Iringa.

Nilikuwa na hayo yote mdomoni. Nikasema chai iko tayari. Najichukia.

Jumatano, 3 Septemba

Nilimwambia Masunga asiwapeleke ng'ombe lambo. Tuwanyweshe nyumbani kwa madumu. Baba Limi akafoka mbele yake. Watu watauliza kwa nini ng'ombe wa Lufunga, yaani wake yeye, hawaonekani majini. Wakaenda. Nikawafuata kama mgonjwa anayefuata machela yake.

Lambo limebaki tope na dimbwi katikati. Wote wanakunywa hapo. Ng'ombe wa Mama Kabula walikuwepo, wawili tu, analea wajukuu kwa maziwa yao. Mama wa watoto yuko Makongolosi kwenye dhahabu, huleta salamu kuliko vitu. Mabaka aliingiza mdomo, udenda ukaelea. Yule wa Mama Kabula akanywa pembeni yake.

"Za nyumbani, Mama Limi?"

"Nzuri."

Nimesema nzuri.

Kurudi nimepitia kwa Zuhura. Wazazi wake walikuwa watu wa pwani, wachuuzi waliotia nanga Mbeya mjini. Yeye akaja huku na mnada, akajenga hoteli ya bati, akabaki. Ndiye shoga yangu wa kweli hapa. Alikuwa anapepeta mchele wa pilau ya Jumamosi. Viungo vimefika, mbuzi amepatikana, wasichana wawili wa kusaidia wanakuja. Akaniwekea kahawa. "Mwaka huu nikipata, dada, nasakafia chini, nimechoka na vumbi hili." Nilikunywa haraka, ikaniunguza ulimi. Sikumwambia kitu.

Alhamisi, 4 Septemba

Wengine zaidi wameanza udenda. Ndama mmoja hasimami.

Tumegombana. Si ugomvi wetu wa siku zote wa chumvi na ada za kanisa. Baba Limi si mtu mbaya, nimeishi naye, najua. Ana hofu. Aliniambia jambo ambalo hajawahi kunitamkia: mdogo wake aliyehamia Katavi anamwita na yeye ahamie huko, na yeye hataki. Anataka kufia hapa. Mnada ukishindwa, anasema, vijana waliobaki wataondoka, shule itafungwa, zahanati itafungwa, tutabaki sisi wawili na fisi.

"Unataka kufunga kijiji kwa mdomo wako?"

Nikamuuliza kijiji kitakuwa nini ng'ombe wote wakiugua baada ya kununuliwa kwetu, na nani tena ataleta lori Igundasi.

"Hilo ni la baadaye."

Kila kitu hapa ni cha baadaye. Nililia nikiwa nimechutama zizini, ndama akinilamba mkono kwa ulimi wenye vidonda.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimekwenda.

Nilimwambia naenda kusali na akina mama. Nikapanda bodaboda mpaka ofisi ya kata. Bwana mifugo ni kijana wa Kihehe, Kalinga, wa Iringa. Kata nzima anayo peke yake. Pikipiki ya serikali imekufa, anatumia yake. Nilimkuta ameitoa tairi, mikono ina grisi.

Nilisema yote kwa pumzi moja. Mabaka, lambo, maksai. Akajifuta mikono polepole sana.

"Mzee anajua umekuja?"

"Hajui."

"Mama, nikipiga simu wilayani hairudi. Kesho mnada hakuna."

"Piga, mwanangu."

Akapiga. Nilisimama pale nikisikiliza anavyotaja jina la kijiji chetu. Nilihisi kama nimetapika. Mwepesi, na aibu.

Ameahidi hatanitaja. Lakini Igundasi watu ni wachache mno kwa siri. Walioniona juu ya bodaboda wanatosha.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilikwenda mnadani. Kukaa nyumbani kungekuwa kukiri.

Mgambo wamefunga kamba langoni. Malori yamegeuzwa barabarani, mengine hayakushusha hata dereva. Watu walioswaga ng'ombe tangu juzi wanaambiwa warudi nao. Kalinga amesimama juu ya ngazi ya kupakilia, anaeleza, sauti imemkauka. Wanamzomea.

Mwandu, mwenye zizi kubwa upande wa mashariki, alinijia mpaka nikasikia harufu ya ugoro wake. Akanionyesha kidole. "Huyu! Mgeni wa Tukuyu! Amekuja kwa mume na begi moja, leo anatufungia soko!" Watu wakageuka. Nimezaa hapa. Nimezika mtoto hapa. Mgeni.

Baba Limi alikuwa pale na maksai wake. Hapo ndipo alipojua. Aliwageuza maksai akaondoka nao, fimbo begani.

Nikaenda kwa Zuhura. Sufuria za pilau zimejaa, mifuniko inafuka mvuke. Mabenchi matupu. Wasichana wake wanafukuza nzi. Nilitegemea matusi. Angenitukana ningeweza kusimama.

"Ungeniambia mimi kwanza," akasema. "Nisingepika."

Jumatano nilikaa pale, nikanywa kahawa yake, mchele ukiwa machoni pangu.

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda kanisani. Baba Limi amehamishia godoro lake kwenye kibanda cha mchungaji. Ndama amekufa. Mimi na Masunga tumemzika.

Ijumaa, 12 Septemba

Wiki nzima hakuna aliyenisalimia kwanza. Nasalimia mimi, wanajibu chini chini. Mama Kabula akiniona hupinda njia. Ng'ombe wake mmoja anachechemea sasa. Anadhani ni wa kwetu aliyemwambukiza. Huenda ndivyo.

Kalinga amezunguka mazizi yote na wenzake kutoka wilayani. Leo alipita akiwa na vumbi mpaka masikioni, nikampa mtindi. Aliniambia walichokiona. Kwa Mwandu kuna ng'ombe wenye vidonda vilivyokwisha kupona, kovu kabisa. Waliugua kabla ya wetu. Na si kwa Mwandu peke yake.

Kwa hiyo wote walijua. Kila zizi lilikuwa linasubiri Jumamosi.

Nilidhani nitafurahi kusikia hivyo. Nimepata hasira tu. Kisha hasira ikaisha, nikabaki na uchovu. Nilitaka kumwambia Baba Limi. Alikuwa anakata kamba, hakuinua macho. Nikapitiliza.

Jumanne, 16 Septemba

Leo nimeogopa kweli.

Alasiri fuso ilikuja kwa njia ya porini, ile ya wakata mkaa. Mchuuzi simjui, mnene, kofia ya jua. Baba Limi alikuwa anamtarajia. Amekubali bei ya kutupa. Mchuuzi atawapitisha pasipo ukaguzi, halafu si shauri letu.

Nikasimama mbele ya lango la zizi.

"Toka, Mama Limi."

Sikutoka. Masunga amekaa pembeni, ameshika kichwa. Baba Limi alinisogeza kwa mkono. Hakunipiga, hajawahi kunipiga. Lakini alinisogeza kama kitu. Nikaangukia kwenye boriti, kiwiko kikachubuka.

Wakawasukuma maksai kwenye mbao za kupandia. Wa kwanza ni Ndege, kiongozi wao, anayemfuata Baba Limi mpaka mlangoni kama mbwa. Alipanda hatua chache. Kwato zimeoza katikati. Alipokanyaga ubao akaguna, miguu ya mbele ikakunjika, akapiga goti. Wasaidizi wa mchuuzi wakaanza kumpiga mkiani. Akajaribu tena. Damu ikabaki kwenye ubao. Aligeuza kichwa akamtafuta Baba Limi.

Mume wangu alisimama. Kisha akamnyang'anya fimbo yule kijana aliyekuwa anapiga.

"Mshusheni."

Mchuuzi akacheka, akadhani anataka nyongeza. Akaongeza.

"Nimesema mshusheni. Ondoa gari lako kwangu."

Fuso ikaondoka, tupu, mchuuzi akitukana ukoo wetu wote dirishani. Baba Limi akakaa chini palepale kwenye vumbi. Nilitaka kumsamehe na nilitaka kumpiga. Sikufanya lolote. Nilikwenda kuchemsha maji ya chumvi. Niliporudi na ndoo, alikuwa ameshamwinua Ndege mguu, anangoja.

Tumewaosha kwato wote mpaka jua likazama. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Mimina polepole."

Jumapili, 28 Septemba

Ndama wengine wamekufa. Sitaki kuwaandika.

Wakubwa wanaanza kula. Tunawakatia majani laini kule bondeni, tunabeba kichwani. Baba Limi amerudisha godoro ndani. Hakusema, nami sikuuliza.

Masunga ameaga. Amekwenda Makongolosi kuchimba dhahabu. Aliniambia akiwa amevaa shati lake zuri, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, ng'ombe wasiouzwa hawalishi nyumba mbili." Ni mtu mzima, ana mke anamtegemea. Sikumzuia. Aliponipa mgongo niliona jinsi nyika ilivyo kubwa.

Sasa nachunga mimi. Magoti yanauma.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mnada bado umefungwa. Zuhura ameng'oa bati.

Nilikwenda kumsaidia bila kuitwa. Alinitazama, akaninyooshea nyundo. Tumefungua misumari asubuhi nzima, tukiinyoosha juu ya jiwe ili itumike tena. Anakwenda Makongolosi pia, huko watu wapo, wachimbaji hula. Mtu mmoja tu akiondoka hapa inasikika. Akiondoka yeye hakuna tena mahali pa kukaa na kunywa kitu cha moto.

"Bado una hasira na mimi," nikasema.

"Ninayo. Siyo ya ng'ombe. Ulifanya sawa. Ni ile kahawa."

Alinishika mkono muda mrefu kabla ya kupanda gari. Kwa hiyo sijui. Labda nimesamehewa nusu.

Limi alipiga. Safari hii nilimwambia ukweli wote, na kwamba nimechoka, na kwamba nafikiria kuja. Akaniambia nirudie. Nadhani alishtuka kusikia ninachotaka, si ninachokataa.

Jumanne, 4 Novemba

Nilimwambia Baba Limi kwamba nafikiria mjini. Tulikuwa tunatengeneza uzio. Nilijiandaa kwa kelele.

Aliendelea kukaza waya. Baadaye sana akasema, "Ukienda nitakuja kukutembelea. Nitakaa siku mbili, nitaugua, nitarudi." Halafu, "Au kaa mpaka mvua, tuone."

Hajawahi kuniambia "tuone". Daima ilikuwa "mimi naona".

Nakaa mpaka mvua.

Jumamosi, 29 Novemba

Karantini imeondolewa juma lililopita baada ya chanjo na ukaguzi. Leo mnada wa kwanza.

Mdogo. Malori machache, ng'ombe wamekonda, wanunuzi wanafungua midomo ya kila mnyama na kuangalia kwato kabla ya kuuliza bei. Nimependa hilo. Mwanamke wa kutoka Chunya mjini amekuja na chai kwenye chupa, anauzia chini ya mwamvuli, hajui kama atarudi. Kalinga alikaa langoni na daftari la chanjo. Kuna waliomsalimia kwa mkono.

Mwandu alipita karibu yangu. Akasimama, akakohoa, akasema jua kali. Nikasema kali kweli. Ndiyo hivyo.

Mwalimu anasema Januari darasa la kwanza litakuwa na watoto wa kukaa benchi moja. Familia mbili zimeshaaga, zinaelekea Katavi. Sijui mwakani tutakuwa nani.

Tumeuza wachache. Ndege hakupelekwa.

Alhamisi, 4 Desemba

Mvua ilinyesha alfajiri. Ardhi inanuka vizuri. Majani mafupi kama ndevu za juzi.

Mama Kabula alikuja saa ya kukamua. Hajakanyaga kwetu tangu Septemba. Alisimama nje ya uzio, kanga kichwani kwa manyunyu, anaangalia chini. Akasema ng'ombe wake, yule mzima, leo asubuhi hakanyagi mguu wa nyuma. Hajamwambia mtu. Amekuja kwangu kwanza.

Niliacha ndoo kwa Baba Limi. Tukaenda, yeye mbele mimi nyuma, tukiruka madimbwi. Niliwaza kwamba yote yanaanza tena.

Wajukuu walimshika kamba. Nikamwinua mguu, nikaosha tope, nikatazama katikati ya kwato. Ngozi safi. Nikafungua na mdomo, nikapitisha kidole kwenye ulimi. Safi. Nikarudi mguuni, nikabonyeza taratibu, akaruka. Kipande cha seng'enge kimezama kwenye nyama laini, kimevunjikia ndani. Nilikitoa kwa koleo ya mkaa. Usaha kidogo, basi.

Nikamwonyesha kiganjani. Mama Kabula alikiangalia, akaketi ghafla kwenye kinu. Akafunika uso kwa kanga. Nikamwacha.

Baadaye akainuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda. Akakifuta maji kwa upindo wa kanga, akakiweka chini ya upenu karibu na moto.

Nikakaa. Mvua ikaanza tena, sikuwa na haraka.